Kipolandi na Kijojia: je, kujua kimoja kunamsaidia mtu kujifunza kingine?

Msafiri wa Kraków aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaishi Polandi na Kipolandi changu kinatosha kusomea gazeti na kubishana na mwenye nyumba. Mwakani ninatarajia kuhamia Tbilisi, mji mkuu wa Jojia, kikazi, kwa hiyo nimeanza kuchungulia sarufi ya Kijojia. Kila ninayemuuliza ananiambia kwamba lugha hizi zinafanana kwa ugumu: katika zote mbili nomino hubadilisha mwisho wake kwa namna saba kulingana na kazi yake katika sentensi, na zote mbili hurundika konsonanti bila huruma. Ningependa kujua kama kufanana huko kuna mizizi, au itanibidi nianze upya kabisa. Lugha yangu ya kwanza ni Kiswahili, iwapo jambo hilo lina uzito wowote.

Bin Sarufi alijibu:

Ndugu Msafiri, lina uzito, na nitalifikia. Kwanza undugu: haupo. Kipolandi ni lugha ya Kislavoni cha magharibi, jirani ya Kicheki na Kislovakia, ndani ya familia ya lugha za Kihindi-Kiulaya. Kijojia kimo katika familia ndogo ya Kikartveli pamoja na Kimingrelia, Kilazi na Kisvani. Hiyo saba kwa saba ni sadfa tu, kwa sababu orodha zenyewe hazilingani: Kipolandi kina umbo la mahali ambalo Kijojia hakina, na Kijojia kina umbo la mtenda, lenye mwisho *-ma*, ambalo Kipolandi hakijapata kulisikia.

Hilo la mtenda ndilo litakalokusumbua. Katika Kipolandi, mtoto ni *dziecko* akiwa anaandika barua (*dziecko pisze list*) na hubaki *dziecko* akiwa ameshaiandika (*dziecko napisało list*). Katika Kijojia, njeo ya kitenzi, yaani wakati kinaouonyesha, ndiyo inayoamua mtoto atavaa umbo gani: *bavshvi ts'erils ts'ers*, mtoto anaandika barua, *bavshvma ts'erili dats'era*, mtoto aliandika barua, *bavshvs ts'erili dauts'eria*, inaonekana mtoto ameandika barua. Mtendaji ni yule yule, miisho ni mitatu, na barua nayo inabadilika pamoja naye. Miaka yako ya Kipolandi haitakupa msaada wowote hapo, ila imekuzoeza kusikiliza mwisho wa nomino, jambo ambalo sisi Waswahili hatukuzaliwa nalo.

Kuhusu konsonanti, watu hupenda kutishana kwa neno la Kijojia *gvprtskvni*, lenye konsonanti nane mfululizo. Likifumuliwa halitishi: *gv-* ni kiambishi cha "sisi" tunaotendwa, na kinachofuata ni kitenzi cha kumenya. Maana yake ni "unatumenya", na kiambishi hicho kinafanya kazi ya *-tu-* yetu. Kipolandi kina *bezwzględny* na *źdźbło*, lakini humo hutakuta mtendwa aliyejificha ndani ya kitenzi.

Mama Isimu alijibu:

Ninakubaliana na Bin Sarufi kuhusu nomino, ila naona amekinyima Kipolandi haki yake. Kuna mahali pamoja ambapo kitakufaa sana, nako ni kwenye viambishi awali vya vitenzi. Linganisha mwenyewe: *piszę*, ninaandika, *napiszę*, nitaandika hadi nimalize, *napisałem*, niliandika nikamaliza. Sasa Kijojia: *vts'er*, *davts'er*, *davts'ere*, kwa maana zile zile na kwa mpangilio ule ule. Katika lugha zote mbili, kiambishi kinachoonyesha ukamilifu kikitangulia umbo la wakati uliopo, hupatikana wakati ujao, na kila kitenzi kina kiambishi chake ambacho huna budi kukikariri. Viambishi hivyo huonyesha pia mwelekeo: *midis* ni anakwenda, *modis* ni anakuja, kama vile Mpolandi anavyotofautisha *odchodzi* na *przychodzi*. Mwanafunzi aliyetoka moja kwa moja kwenye Kiswahili hulihangaikia jambo hili kwa muda mrefu, wewe utalipita.

Kiswahili nacho kitakubeba mahali pengine. Mpolandi husema *widzę cię* kwa maneno mawili. Mjojia husema *gkhedav* kama tunavyosema "nakuona", na *mkhedavs* kama tunavyosema "ananiona". Tofauti ni kwamba sisi huwaweka wote wawili, mtenda na mtendwa, ilhali katika *gkhedav* kiambishi *v-* cha "mimi" humezwa na *g-* ya "wewe". Tena Kijojia hakina jinsia ya kisarufi: *is* ni yeye, awe mwanamume au mwanamke. Utasahau kabisa ile kero ya *pisałem* kwa mwanamume na *pisałam* kwa mwanamke.

Msafiri wa Kraków:

Nawashukuru nyote. Mama Isimu, je, matamshi na maandishi? Kipolandi kilinipa nafuu ya mkazo, kwa kuwa nao huangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama wetu.

Mama Isimu:

Mkazo wa Kijojia ni hafifu, usikupotezee muda. Penye kazi ni kwenye safu tatu za konsonanti: yenye ghuna, yaani koo likitetema kama katika *b* na *d*, yenye mpumuo, yaani pumzi ikisikika ikitoka, na ile inayotamkwa koo likiwa limefungwa, hewa ikabanwa juu yake kisha ikaachiwa kwa mshindo. Mtu wa Mombasa anayetofautisha paa mnyama, kwa mpumuo, na paa la nyumba, bila mpumuo, ana hatua moja mbele. Kipolandi hakina tofauti hiyo.

Maandishi ni starehe. Herufi ni 33, hakuna herufi kubwa katika matumizi ya kawaida, na kila herufi ina sauti moja, kwa hiyo hutakutana na mtego kama wa *morze* (bahari) na *może* (labda), ambayo hutamkwa sawa na kuandikwa tofauti. Ni maandishi ya kale pia: yale ya kanisa la Bolnisi ni ya mwaka 494, ingawa umbo la herufi hizo si hili la leo.

Bin Sarufi:

Niongeze hesabu, kwa kuwa utakwenda sokoni. Baada ya idadi, nomino ya Kijojia hubaki katika umoja: *khuti sakhli*, nyumba tano. Kipolandi hudai *dwa domy* lakini *pięć domów*, na unajua ilivyokuchukua kuzoea. Ila usifurahi mapema, maana Wajojia huhesabu kwa ishirini: arobaini ni *ormotsi*, yaani ishirini mbili, na muuzaji akikutajia 75 atasema *samotsdatkhutmeti*, ishirini tatu na kumi na tano, naye hatalitamka polepole.