Mrejesho: Wanafunzi wangu na bandama waliyokuwa hawaioni

Wakuu, narudi na mrejesho. Mwezi uliopita niliwauliza nifanyeje: wanafunzi wangu wa udaktari hapa Dodoma walikuwa wanapapasa tumbo na kusema "kawaida", kumbe mgonjwa ana bandama kubwa kabisa. Wengi mlinishauri niache slaidi, niwashike mikono pale pale kitandani. Nimefanya hivyo.

Kosa lilikuwa pale wanapoanzia. Walikwenda moja kwa moja chini ya mbavu za kushoto, wakati bandama ikivimba huelekea chini kulia. Ukianzia juu, mkono unakaa juu ya bandama yenyewe na ukingo huusikii. Sasa wanaanza chini kulia, karibu na nyonga. Mgonjwa anavuta pumzi, mkono unatulia kuusubiri ukingo ushuke uguse vidole; usipokuja, unapanda kidogo. Binti mmoja alipousikia mara ya kwanza alinyamaza, akaniangalia, akarudia tena. Nilifurahi mno.

Kugonga mwili kwa vidole, ili sauti ikuambie ndani kuna hewa au kitu kizito, niliwafundishia kwenye simtanki nyuma ya wodi: juu linalia wazi, ukifika kwenye maji sauti inakufa. Daktari Auenbrugger wa Austria, aliyeieleza mbinu hii mwaka 1761, naye alikuwa mtoto wa mwenye nyumba ya wageni yenye mapipa ya mvinyo.

Na aliyenikumbusha kupasha mikono joto na kuomba ruhusa kwanza, asante sana. Tulipomwambia bibi mmoja, "Shikamoo bibi, tunaomba kukushika tumbo," alijilegeza mwenyewe.

Mapafu bado. Tunaanza Jumatatu.