Louis XIV alifuata nini Versailles?

Wakuu, nasoma historia ya Ulaya usiku nikishafunga duka. Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, alikuwa na kasri la Louvre, katikati ya Paris. Iweje Mei 1682 ahamishie serikali nzima Versailles, nje ya Paris, mahali palipoanza kama nyumba ya kuwindia ya baba yake?

Jibu: Mkuu, anzia utotoni. Wakati wa uasi wa Fronde dhidi ya serikali ya kifalme, 1649, alitoroshwa Paris usiku. Hakusahau. Versailles aliwaweka wakubwa karibu, wakagombea heshima ya kumshikia mshumaa akivua nguo alale. Mtu wa hivyo ataasi saa ngapi?

Jibu: Na Urusi je? Mwezi huohuo wa Mei 1682 Tsar Peter (Peter Mkuu), hajatimiza miaka 10, alishuhudia askari wa Streltsy wakimtupa Artamon Matveev, mtu wa karibu wa familia yake, juu ya mikuki, pale pale Kremlin, ngome ya Moscow. Alipokua akaipa Moscow kisogo, akaanza St. Petersburg 1703. Wakubwa wakaamriwa wajenge huko, watake wasitake.

Muuliza swali: Kumbe! Na Peterhof, kasri lake karibu na St. Petersburg, aliiga Versailles?

Jibu: Aliizuru Versailles 1717, ndiyo. Ila maji ya chemchemi za Peterhof hurushwa bila pampu, yanateremka yenyewe kutoka juu. Wafaransa walihangaika na mtambo wa Marly kuvuta maji ya mto Seine hadi Versailles. Hapo Mrusi kawapiga bao.