Manifoldi ya mirija mirefu au mifupi kwenye injini isiyo na turbo?

GiaYaTatu

Wakuu, habari zenu. Nina injini ya 1600, silinda nne, valvu 16, haina turbo, mstari mwekundu unaanzia mizunguko 7,500 kwa dakika. Hapa mezani nina manifoldi mbili za kuingizia hewa na zote zinakaa kwenye hedi (kichwa cha injini) yangu bila kutoboa kitu. Ya kwanza ndiyo iliyokuja na injini. Mirija yake inapinda kwa juu, nimepitisha waya ndani nikapima, ni sm 32 kutoka plenamu (chumba cha hewa mirija inapoanzia) hadi usawa wa hedi. Ya pili imechomelewa kwa alumini, mirija imenyooka, sm 14 tu, na plenamu yake ina ukubwa wa karibu mara mbili ya ile. Jamaa anayeiuza ameipima kwenye mashine ya kupimia mtiririko wa hewa na kweli inapitisha hewa nyingi zaidi. Ukichungulia upande mmoja unaona hadi upande wa pili.

Gari ni la kila siku, mara nyingi liko kati ya mizunguko 2,000 na 5,000, na hubeba mzigo. Kama fupi inapitisha hewa zaidi, kuna sababu gani ya kubaki na ndefu?

Pumzi16V

Funga fupi mkuu. Injini ni pampu ya hewa, ukiipa njia pana inapumua. Angalia magari ya mbio, yote mirija mifupi.

MzeeWaHedi

GiaYaTatu, usiifunge kwanza.

Pumzi16V, ni pampu kweli, ila pampu hii haivuti mfululizo. Ile mashine ya kupimia huvuta hewa bila kukatisha, valvu ikiwa imeshikiliwa wazi. Ndani ya injini, kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, valvu ya kuingizia ya kila silinda inafunguka na kufunga mara 50 kwa sekunde. Hewa iliyomo kwenye mrija inaanza kukimbia, inagota valvu iliyofungwa, inarudi, inaitwa tena. Silinda itajaa kiasi gani inategemea sana huko kuanza na kugota, na mashine ya jamaa haioni hata kimoja.

Fuatilia mvuto mmoja tu. Pistoni ikishuka, shinikizo ndani ya silinda linapungua, na upungufu huo unapanda mrija kama wimbi, kwa kasi ya sauti, karibu mita 340 kwa sekunde. Likifika mdomo wa mrija, pale unapofungukia plenamu, wimbi linageuka. Lililopanda likiwa shinikizo la chini linarudi likiwa shinikizo la juu. Likiikuta valvu bado iko wazi kidogo, pistoni imeshafika chini na inaanza kupanda, linasukumia ndani hewa ya ziada kabla mlango haujafungwa. Injini iliyopangwa vizuri hujaza silinda kupita asilimia 100 ya ujazo wake kwa njia hii, bila turbo yoyote. Kazi ya hedi nimeifanya tangu ujana na hili bado linanifurahisha kila ninapolieleza.

Twende kwenye vipimo vyako. Ongeza njia iliyomo ndani ya hedi mpaka kwenye valvu, tuseme sm 9. Ndefu inakuwa sm 41, fupi sm 23. Wimbi kwenda na kurudi linatumia milisekunde 2.4 kwenye ndefu, 1.35 kwenye fupi. Kwa kukadiria, unataka lirudi krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ikiwa imezunguka digrii 80 hivi tangu pistoni ilipovuta kwa nguvu. Ndefu inatimiza hilo karibu na mizunguko 5,500. Fupi? Karibu 9,900, na injini yako inaishia 7,500! Huko chini unakoendesha wewe, wimbi la fupi litakuwa limekwenda na kurudi mara kadhaa na kuchoka kabla valvu haijafunga.

Ukitaka kuipima hesabu hiyo, chukua gari la Chrysler 300F la mwaka 1960. Walilipa mirija ya inchi 30, yaani sm 76, na nguvu yake ya kuzungusha (toki) ya juu kabisa ilikuja kwenye mizunguko 2,800. Weka 76 kwenye hesabu, utaangukia jirani na hapo.

Magari ya mbio yana mirija mifupi kwa sababu muda wote yanazungushwa kule juu. Na hata huko si yote. Mazda 787B iliyoshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1991 ilikuwa na mirija inayorefuka na kufupika injini ikiwa inakimbia. Kama ufupi peke yake ungetosha, wasingejisumbua.

Upana nao usikudanganye. Injini za Toyota 4A-GE za mwanzo zilikuwa na milango mikubwa ya hewa kwenye hedi, ikabidi wafunge mrija mmoja kati ya miwili ya kila silinda hadi mizunguko 4,000 na kitu, ili hewa isizubae. Baadaye mfumo huo ukaondolewa, milango ikapunguzwa, uwiano wa mgandamizo ukapandishwa kutoka 9.4 hadi 10.3. Nguvu ilipanda, na milango ilikuwa midogo.

GiaYaTatu

Shikamoo mzee. Nimeelewa, fupi inarudi kwa mwenyewe. Sasa kwenye hii ndefu kuna la kufanya? Ndani ya plenamu midomo ya mirija ina ncha kali, na upande wa hedi gasketi ya zamani imeacha alama ya duara iliyo ndani kidogo ya tundu.

DadaPlagi

Kabla mzee hajajibu, niongezee jambo ambalo halijatajwa: mgawanyo. Plenamu kubwa yenye throto (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali) pembeni si lazima ilishe silinda zote sawa. Niliwahi kutoa plagi kwenye injini ya turbo iliyofungwa manifoldi ya namna hiyo. Tatu za mwanzo zilikuwa kahawia hafifu, ya nne nyeupe kama chokaa, na kwenye kaure yake kuna vitone vya alumini. Hewa ilikuwa inapita mbio na kurundikana mwisho, injekta zinatoa mafuta sawasawa, kwa hiyo silinda ya nne ilikuwa na mafuta pungufu na pistoni imeanza kuyeyuka. Ukibadilisha manifoldi yoyote, soma plagi zote, moja moja.

MzeeWaHedi

Marahaba. Maneno ya dada hapo juu yashike, watu wanaunguza pistoni halafu wanalaumu mafuta.

Hiyo alama ya duara maana yake gasketi ilikuwa inachomoza ndani ya njia. Anza hapo. Paka wino usawa wa hedi, bandika gasketi mpya, na ikate kwa wembe pale inapoingia tunduni. Tundu la manifoldi likizidi la hedi, hewa inagonga ukingo, kwa hiyo linganisha na hayo mawili pia.

Midomo yenye ncha iviringe kwa tupa na msasa, kadiri unene wa alumini unavyoruhusu. Kwenye vitabu vya mtiririko, mdomo wa bomba wenye ncha kali una kigezo cha upotevu cha 0.5, ulioviringwa vizuri unashuka hadi karibu 0.04. Hakuna kazi nyingine ya mkono yenye faida kama hiyo. Kuta za ndani usizing'arishe, muda wako utumie mdomoni.

Halafu joto. Hewa ikitoka nyuzi 30 ikafika 50 inapungua uzito kwa asilimia 6 hivi, kwa hiyo bomba la kuvutia hewa liwe mbali na eksozi. Ukishafunga, acha injini iunguruma sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, na upulizie kisafisha kabureta kidogo kidogo kuzunguka gasketi, injini ikiwa bado ya baridi. Mlio ukibadilika, kuna hewa inaibwa hapo, fungua na urudie.