Je, akiolojia inathibitisha Biblia? Tuupime ushahidi wa Lakishi

Mchangiaji mmoja amesema hapa kwamba akiolojia, yaani elimu ya kufukua mabaki ya kale, imekwisha kuithibitisha Biblia yote, na mwingine akamjibu kwamba vitabu vya Wafalme ni hadithi zilizotungwa karne nyingi baada ya matukio. Mimi ni Mkristo, na kauli zote mbili naziona haziendani na ushahidi.

Mwaka 701 KK Senakeribu, mfalme wa Ashuru, aliivamia Yuda. Kumbukumbu zake, zilizoandikwa kwenye mche wa udongo wenye pande sita ambao leo umehifadhiwa London, zinajivunia kutekwa kwa miji 46 yenye ngome na kumfungia Hezekia, mfalme wa Yuda, ndani ya Yerusalemu kama ndege tunduni, kisha zinataja ushuru aliotozwa: talanta (kipimo cha kale cha uzito) 30 za dhahabu na 800 za fedha. Sasa fungueni 2 Wafalme 18:14, msome talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu. Fedha inatofautiana, wala sioni haja ya kuificha tofauti hiyo, lakini dhahabu inalingana kabisa. Kule Lakishi, mmoja wa miji ya Yuda yenye ngome iliyotekwa katika uvamizi huo, tuta la mawe ambalo Waashuru walilijenga ili kuufikia ukuta bado linaonekana, na vichwa vya mishale vimefukuliwa hapo kwa wingi.

Hata hivyo, sura ya 19 inasema malaika aliwaua Waashuru 185,000 kwa usiku mmoja. Senakeribu hasemi popote kwamba aliingia Yerusalemu, na ukimya huo wa mfalme aliyezoea kujisifu unafikirisha. Ila koleo la mchimbaji haliwezi kumfukua malaika, na tusilitwishe kazi isiyo yake.

Wakristo wenzangu wakumbuke pia Yeriko. Katika miaka ya 1930 mwanaakiolojia John Garstang alitangaza kwamba ameziona kuta zilizoanguka siku za Yoshua, na mahubiri mengi yakajengwa juu ya tangazo hilo. Mwanaakiolojia mwingine, Kathleen Kenyon, alipochimba hapo kati ya 1952 na 1958, alionyesha kwamba kuta zile zilikuwa zimetangulia wakati huo kwa karibu miaka elfu moja. Anayesema kila kitu kimethibitishwa anapaswa kulijibu hilo kwanza.

Na yule anayeviita vitabu vya Wafalme utunzi mtupu, naye atueleze: mwandishi wa Yuda alizipata wapi zile talanta 30, kama hakuwa na kumbukumbu za kale mkononi?