Asumini kwenye foronya: ua limekuwa gumu kama kisoda, kitambaa kimesinyaa

CherehaniNgamiani (Tanga)

Assalaam aleykum, na habari za jioni wadau wote.

Mimi fundi wa Ngamiani. Madera, mapazia na sare za shule nimeshona miaka kumi na moja, lakini kudarizi kwa mashine nina miezi minane tu, tangu niliponunua mashine ya mtumba ya sindano moja, fremu yake sentimita 13 kwa 18. Majina kwenye taulo hayanisumbui. Maua ndiyo yananitoa jasho.

Kuna mama wa Chumbageni anaoza binti yake mwezi wa Mfungo Saba. Ameniletea shuka mbili na foronya nne, pamba nyeupe nyepesi, akaniambia: "Fundi, mawaridi sitaki. Kila nyumba ninayoingia mawaridi. Mwanangu ataingia ndani na kikuba, basi na mto wake uwe na kikuba." (Kikuba, kwa msio wa pwani, ni kile kishada cha asumini, langilangi, mkadi na mrehani wanachojipachika wanawake kwa harufu yake.) Nikajibu haya mama, hakuna shida. Kinywa changu hiki kitaniponza siku moja.

Maua yaliyomo ndani ya mashine nimeyahesabu, yako thelathini na moja. Mawaridi, tulipu, alizeti, maua ya Krismasi, na kijiua fulani cha zambarau chenye jicho la njano. Asumini hakuna. Langilangi ndiyo usiseme. Mkadi nadhani waliotengeneza mashine hawajawahi kuunusa.

Basi nikanunua faili la asumini kwenye intaneti. Ua la sentimita 12, mishono 21,000. Nilitaka matatu yakae kwenye pembe ya foronya, kwa hiyo mpwa wangu akalipunguza kwenye kompyuta hadi sentimita 7, akaniwekea kwenye flashi. Nikajaribu kwenye foronya yangu ya nyumbani, na nashukuru sikuanza na ya mteja. Sindano imevunjika mara mbili. Uzi umekatika sijui mara ngapi. Ua lilipotoka lilikuwa gumu kama kisoda, na kitambaa pembeni kimekusanyika kama mdomo wa mfuko uliovutwa kamba. Kitambaa nilikibana kwenye fremu kikawa kama ngoma, kwa hiyo sidhani kama kilikuwa kimelegea. Juu ya hayo, uzi mweupe kwenye kitambaa cheupe: binti yangu wa miaka sita aliniuliza, "Mama, hapa umetia kiraka?"

Nimekosea wapi? Na nyeupe juu ya nyeupe inawezekana kweli, au nimrudie yule mama nimwambie achague rangi?

---

UziNaBobini (Pangani)

Pole dada. Sindano haina kosa, kosa ni hesabu ya mpwa.

Faili ulilonunua ni orodha ya mahali sindano inapotua. Programu nyingi zikipunguza ua, hazipunguzi mishono, zinaisogeza tu karibu karibu. Kutoka sentimita 12 kwenda 7, eneo linabaki kama theluthi moja, na mishono 21,000 bado yote imo. Yaani umeshona ua lenye msongamano mara tatu ya uliokusudiwa. Hapo hata turubai lingesinyaa. Faili la namna hiyo ukilikuza au kulipunguza, usivuke asilimia 10, ukijikaza sana 20. Zaidi ya hapo ua linachorwa upya.

Ukichora upya, nafasi ya kawaida kati ya mstari na mstari kwa uzi namba 40 ni milimita 0.4. Kwa pamba nyepesi kama hiyo mimi naenda 0.45, mara nyingine 0.5. Usisahau mishono ya chini, ile mistari michache inayotangulia kushika kitambaa kwenye karatasi ya kudarizia iliyo chini yake kabla ya uzi wa juu kujaa. Wengi huiondoa wakidhani wanaokoa uzi, kisha wanalaumu mashine.

Na ile "kama ngoma" imenishtua. Kitambaa kikae bapa, kisivutwe. Ukikivuta, unashona juu ya kitambaa kilichotanuka, ukikitoa kwenye fremu kinarudi kwao na ua linabaki limesimama peke yake. Funga karatasi ya kudarizia pamoja na kitambaa ndani ya fremu, kaza skurubu, basi. Foronya inalaliwa shavu, kwa hiyo tafuta karatasi laini ya wavu, ile unayokata kwa mkasi ukabakiza kidogo kuzunguka ua. Sindano ya saizi 75/11 yenye ncha kali inatosha. Tena ifue hiyo pamba kabla hujaigusa! Ikinywea baada ya kudariziwa, utarudi hapa unalia.

---

CherehaniNgamiani

Mara tatu! Mpwa wangu nimemsomea, amenyamaza kimya. Anasema na yeye alishangaa kwa nini kwenye kompyuta ua lilifunguka la bluu na chungwa.

---

UziNaBobini

Hilo msamehe. Faili la DST, aina hiyo ya faili la mashine za kudarizi, halibebi rangi, linabeba sindano iende wapi na wapi isimame ubadilishe uzi. Rangi unazipanga mwenyewe.

---

mpitanjia_88

Mnajisumbua. Weka mawaridi, mteja ataona ua ni ua.

---

CherehaniNgamiani

Wewe humjui mama wa Chumbageni.

---

BabuKofia (Bagamoyo)

Mwanangu, mimi mashine hiyo siijui, nashona kofia kwa mkono. Lakini neno la nyeupe juu ya nyeupe ni letu. Kofia ya viua ni kitambaa cheupe na uzi mweupe, na mtu akipita barabarani unaiona nakshi. Unaiona kwa sababu vitobo vina kivuli na uzi umeinuka. Mwanga unaangukia huku na kule haufiki.

Kwa hiyo majani ya ua lako usiyalaze yote upande mmoja. Kila jani lifuate njia yake kutoka kwenye jicho kwenda nje, na ukiweza lipasue katikati, nusu ilale hivi na nusu vile. Uzi unaong'aa utakufanyia kazi hiyo bure. Na kati ya jani na jani acha kitambaa kionekane, ua lipumue.

La pili. Jioni chuma asumini ya kweli, maana ndiyo saa inafunguka, ulaze kwenye hiyo foronya chini ya taa. Utaona si nyeupe tupu. Kikonyo kina ukijani, na tumba halina weupe ule wa ua lililofunguka. Halafu angalia kikuba cha mwanamke mwenzio yeyote: je, asumini zote zimekutazama usoni? Nyingi zimelala ubavu, nyingine bado matumba. Faili ulilonunua bila shaka limechorwa na mtu anayeitazama kwenye chungu, si aliyeivaa.

---

CherehaniNgamiani

Shikamoo babu. Hilo la ubavu sikuwahi kuliwaza, na asumini nimevaa tangu nina akili zangu. Nakwenda kuomba kwa jirani sasa hivi, ana mti mlangoni.

---

MuhezaKijani

Nimechelewa, ila hicho kijiua cha zambarau chenye jicho la njano ulichokitaja kama mgeni: hebu kiangalie tena. Kama kina majani matano ya ua, mawili ya juu madogo kidogo kuliko matatu ya chini, na majani yake ya kijani ni manene yenye manyoya yaliyokaa duara, hicho si mgeni. Ni wa Usambara. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani hapa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alikikuta huku, akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akakipa jina la kitaalamu, Saintpaulia, kwa ajili ya familia hiyo. Wajerumani hadi leo wanakiita kwa jina la milima yetu, Usambaraveilchen. Kikazagaa kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani, na sasa kimekurudia ndani ya mashine ya mtumba.

Ukipata nafasi panda milimani hadi Amani, kwenye msitu wenye kivuli na miamba yenye unyevu. Huko kinaota chenyewe. Kule hakuna aliyekipanda.

---

CherehaniNgamiani

Nimekihesabu. Matano, mawili madogo. Kumbe nilikuwa nakiruka kila siku kutafuta herufi!

---

CherehaniNgamiani (baada ya wiki tatu)

Nimerudi na majibu, maana mnajua kukasirika mtu akipewa msaada akapotea.

Asumini nilichora mwenyewe kwa penseli, maua kumi na mawili ya jirani yamelala kwenye meza ya kukatia. Mpwa, ambaye sasa ana adabu, akapakia Inkscape na ile nyongeza yake ya kudarizi, Ink/Stitch, zote za bure, tukafuata mistari yangu. Ua moja limefunguka, mawili yamelala ubavu, matumba manne. Kishada kizima sentimita 6, mishono 4,300 tu. Shina na majani yanatangulia, kisha maua, jicho mwisho. Weupe wa ua ni uzi mweupe unaong'aa, matumba rangi ya maziwa, kikonyo kijani ya ndizi mbichi. Langilangi limenipa raha kuliko nilivyotegemea: majani yake sita marefu yaliyopinda yanakubali vizuri mshono wa satini, ule wa nyuzi zilizolala sambamba toka ukingo hadi ukingo, unaanza mwembamba, unanenepa, unamalizikia ncha. Upana wake nilijizuia kwenye milimita 5. Mshono mpana kuliko 7 unanasa bangili, na bibi harusi atakuwa nazo hadi kwenye viwiko.

Mkadi umenishinda. Nimeuacha.

Foronya ya tatu umeme ulikatika katikati ya langilangi. Sikuifungua fremu. Uliporudi nikarudisha mashine nyuma mishono kumi hivi ili uzi mpya upande juu ya ule wa zamani, nikaendelea. Mahali pake napajua mimi tu, na sasa nyinyi.

Kiraka? Hakuna. Ukishika foronya mbele ya dirisha asumini zinawaka na kuzima kadiri unavyoigeuza, babu alivyosema. Kitambaa kimelala bapa.

Mama wa Chumbageni alikuja jana na kikuba kabisa kwenye mkoba, akakiweka juu ya mto akalinganisha. Asumini kapitisha. Langilangi kapitisha, akalinusa eti. Kisha akaweka kidole kwenye majani ya mrehani akaniuliza, "Fundi, na huu mchicha?"

Kweli nimeyafanya mapana. Natoa uzi usiku huu, majani manane kwa foronya nne, kwa wembe na miwani.