Kitufe cha kuvinjari faili za simu kwa Bluetooth kwenye Linux kinatudanganya

Ndugu wanajamvi,

Naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Jana usiku nilipoteza zaidi ya saa 3 nikijaribu kufungua folda za simu yangu kutoka kwenye kompyuta ya Linux kwa Bluetooth. Kuunganisha vifaa hakukuwa na shida: tarakimu 6 zilitokea kwenye vioo vyote viwili, zikalingana, nikakubali. Kwenye menyu ya programu inayosimamia Bluetooth, chini ya jina la simu, palikuwa na kitufe cha kuvinjari faili za kifaa. Nikakibofya, kiduara kikazunguka weee, kisha kikaja kidirisha cha kuniarifu kwamba imeshindikana, bila neno hata moja la kueleza kwa nini.

Nilifuta muunganisho nikaanza upya, nikazima simu na kuiwasha, nikasakinisha tena vifurushi vya programu za Bluetooth, nikafuata maelekezo ya mtandaoni ambayo mengi yaliandikwa kabla ya toleo la 5 la BlueZ, programu inayoendesha Bluetooth ndani ya Linux, kutoka Desemba 2012 na kubadilisha namna programu nyingine zinavyozungumza nayo. Maelekezo hayo bado yanazagaa bila tarehe, na kila anayeyafuata anapoteza usiku wake kama mimi.

Ukweli niliupata kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, nilipoandika bluetoothctl info, amri ya kuonyesha taarifa za kifaa cha Bluetooth, pamoja na anwani ya Bluetooth ya simu. Katika orodha ya huduma ambazo simu inazitangaza ilikuwepo inayoanza na 00001105, ambayo kazi yake ni kutumiana faili tu; ile ya 00001106, ambayo ndiyo inayoruhusu kifaa kingine kuingia kwenye folda na kuzipekua, haikuwepo kabisa. Simu isipokuwa na huduma hiyo, hakuna kifurushi wala amri ya upande wa kompyuta itakayoileta.

Kinachoniudhi ni kwamba kompyuta ilikuwa na orodha hiyo tangu simu ilipounganishwa. Kwa nini basi programu inionyeshe kitufe cha huduma ambayo simu haina, na ikishindwa inyamaze, wakati sentensi moja tu ya kusema "simu hii hairuhusu kuvinjariwa" ingeniokolea usiku mzima?

Watengenezaji wa simu nao hawana pa kujificha. Simu nyingi za Symbian, mfumo wa simu za zamani, zenye kumbukumbu ndogo mno, ziliruhusu kompyuta kufungua folda zake kwa Bluetooth, ilhali simu janja nyingi za leo zinaishia kutuma na kupokea.

Tafadhali msinielekeze kwenye kebo. Najua MTP, njia ya kufungua faili za simu kwenye kompyuta, inafanya kazi kupitia USB, na najua Bluetooth ya kawaida haivuki megabiti 3 kwa sekunde. Tundu la simu yangu limelegea kiasi kwamba inachaji kebo ikilazwa upande mmoja tu, na data haipiti kabisa. Nilichohitaji ni rekodi 12 fupi za sauti kati ya mamia, nizichague kwa tarehe kwenye kioo kipana; nimeishia kuzisaka na kuzituma kutoka kwenye simu, moja baada ya nyingine.

Nimeshawaandikia waundaji wa programu hiyo kuwaomba waikague 00001106 kabla ya kuonyesha kitufe. Mwenye simu ya sasa inayoitangaza huduma hiyo aweke hapa matokeo ya bluetoothctl info, ila afute kwanza anwani ya kifaa chake.