Tupeane uzoefu: Maduka madogo ya vito na zawadi, ulikutana na nini?

Baba Wawili (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za jioni. Mwezi ujao natimiza miaka 12 ya ndoa, nataka kumnunulia mama watoto kitu cha kudumu. Mtaa wa pili kutoka kazini kwangu kuna duka dogo la vito na zawadi. Mwenye duka ni mama mtu mzima, anauza mwenyewe na zawadi anazifunga mwenyewe. Nimeingia mara mbili nikatoka bila hata kuuliza bei.

Kinachonirudisha nyuma ni hereni nilizomnunulia mwaka wa kwanza. Muuzaji aliniapia kuwa ni dhahabu. Wiki ya pili masikio ya mke wangu yakavimba, yakaanza kutoa maji. Alivumilia, akaendelea kuzivaa kwa sababu zimetoka kwangu. Nilikuja kujua siku nilipoona damu kwenye foronya. Mpaka leo linaniuma. Waliowahi kununua kwenye maduka kama haya, nielezeni.

Mama Shufaa
Hiyo ni nikeli, kaka, metali inayowasha ngozi za watu wengi. Wanaichanganya au wanaipaka kwa chini, halafu juu wanachovya dhahabu kidogo. Binti yangu yalimkuta hayo hayo akiwa darasa la tatu.

Mpemba wa Kariakoo
Kwetu visiwani mtu ana sonara wake, aliyemtengenezea bibi ndiye anamtengenezea mjukuu. Ila kama huna, shika hili: tazama muhuri. Unaonyesha usafi wa dhahabu: 916 ni karati 22, 875 ni karati 21, 750 ni karati 18. Mzani uwe mbele ya macho yako. Hakuna muhuri, aga uondoke.

Kijana wa Makorora
Mpemba, muhuri unagongwa hata kwenye shaba. Nina mkufu hapa umeandikwa 750, umechubuka shingoni na ndani ni mwekundu kama waya wa umeme. Bora uende na sumaku mfukoni.

Mpemba wa Kariakoo
Na shaba inashikwa na sumaku? Sumaku itakuonyesha chuma na metali chache kama nikeli tu. Usimpoteze mwenzio.

Kijana wa Makorora
Sijampoteza mtu. Nimesema muhuri peke yake hautoshi, rudi usome.

Neema wa Moshi
Mimi nilinunua bangili ya fedha, baada ya miezi miwili ikawa nyeusi. Nikamrudishia dada wa watu nikamtukana mbele ya wateja kwamba kaniuzia bandia. Hakunijibu. Alichukua kitambaa akaisugua taratibu, ikarudi kung'aa, akanionyesha muhuri wa fedha, 925, kwa ndani. Fedha halisi hubadilika rangi yenyewe, hewa na jasho vinatosha. Nilimwomba radhi siku ile ile, na tangu hapo zawadi zangu zote za harusi nachukua kwake.

Mjane wa Tabata
Nilikuwa nasoma tu, sikukusudia kuandika. Hiyo foronya ya Baba Wawili ndiyo imenigusa.

Marehemu mume wangu alininunulia pete ya tanzanite tukiwa Arusha, tumetimiza miaka 10. Jiwe lenyewe dogo, kwa uzito hata karati moja halikufika, lakini aliweka akiba mwaka mzima bila kuniambia. Alipofariki nikaugua, nikakonda, pete ikawa inavuka kidoleni. Siku moja ilidondoka kwenye beseni la kufulia. Nilimwaga maji yote uani nikayachuja kwa khanga mpaka nikaipata.

Basi nikaipeleka kwenye duka dogo la vito na zawadi ipunguzwe. Duka zuri, lina ubani, wananikaribisha kwa chai. Nikaambiwa fundi yuko nyuma, nusu saa tu. Nikakaa. Nilisikia ule mlio wa moto wa gesi, sikujali, nilidhani ndivyo kazi inavyokwenda. Kisha ukimya. Kisha nikasikia fundi anamwita mwenye duka kwa sauti ya chini.

Ikaletwa kwenye kisahani. Jiwe lina ufa kutoka ukingo huu hadi ule, na kona moja imemeguka. Mwenye duka akaniambia, "Mama, hili ulikuja nalo hivi hivi." Nikamwambia hapana. Akarudia. Mteja aliyekuwa anachagua kadi akaniangalia kama naomba kitu. Sikuwa na picha ya pete, sikuwa na karatasi waliyoandika wakati wa kupokea. Nilikuwa na neno langu tu. Na wakanitoza ya kupunguza, wandugu. Nikalipa! Nilifika kituo cha daladala ndipo miguu ikaisha nguvu.

Mama Shufaa
Pole dada yangu. Nimelia hapa.

Neema wa Moshi
Walikutoza??

Kijana wa Makorora
Jamani pole mama, ila naomba kuelewa. Tanzanite si huchomwa ndiyo iwe ya bluu? Jiwe lililopita kwenye tanuri litapasukaje kwa moto mdogo wa fundi? Huenda kweli lilikuwa na ufa.

Mpemba wa Kariakoo
Mtu kafiwa na mume na jiwe lake limevunjwa, wewe unamtetea fundi. Adabu iko wapi?

Mwanaapolo Mstaafu
Acheni kugombana, nijibu mimi. Nilichimba tanzanite Mirerani miaka mingi, kabla ukuta wa kuzunguka migodi haujajengwa 2018. Mawe mengi yanatoka ardhini na ukahawia. Yanachomwa kwenye nyuzi kama 500, lakini joto hupandishwa polepole na kushushwa polepole, jiwe likiwa peke yake. Mwali wa gesi unapiga upande mmoja ghafla, na tanzanite haivumilii hilo. Fundi mjuzi hung'oa jiwe kwanza, anachomea dhahabu, ndipo analirudisha. Mama, jiwe lako liliharibiwa dukani. Usikubali mtu akuambie vingine. Na kwa wengine: msiliweke kwenye mashine ya kusafishia inayotetemesha maji. Maji ya uvuguvugu, sabuni na kitambaa laini vinatosha.

Kijana wa Makorora
Nimeelewa, mzee. Mama, naomba unisamehe.

Mjane wa Tabata
Nimekusamehe mwanangu. Asante mzee, miaka minne nilikuwa najiuliza kama kweli niliibamiza mahali nikasahau.

Shemeji wa Watu
Ushauri wangu Baba Wawili: mnunulie kiwanja. Kiwanja hakichubuki.

Mama Shufaa
Kiwanja anakivaa sikio lipi? Nunua dhahabu, ila ukinunua yenye vijiwe uliza uzito wa mawe umetolewa, usilipie kioo kwa bei ya gramu.

Neema wa Moshi
Na ukiacha kitu kwa fundi, piga picha mbele yao, waandike uzito na hali yake kwenye risiti. Atakayekasirika, huyo usimwachie.

Mpemba wa Kariakoo
Dada wa Tabata, bado unayo?

Mjane wa Tabata
Ninayo. Naivaa Jumapili kwa Jumapili. Nikiigeuza juani bluu inageuka zambarau, hata pale penye ufa.

Baba Wawili
Wakuu, nimetoka dukani sasa hivi. Yule mama kapima hereni mbele yangu bila kuombwa: gramu 3.2, muhuri 750. Nikamuuliza kuhusu nikeli, akasema dhahabu nyeupe asinipe, mara nyingi huchanganywa na nikeli, nichukue ya njano. Nikamsimulia yale ya masikio. Akazirudisha kabatini, akaniambia nisilipe leo, nirudi Jumamosi na mwenye masikio yake achague mwenyewe.

Mke wangu nimeshamwambia. Amenyamaza kidogo, kisha ameniuliza kama zile za zamani nilizitupa. Nimemwambia ndiyo.

Kumbe anazo.